Chaji ya gari si siri ya familia!

Jamani, Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Mwenye gari la mafuta anajaza tangi, anaondoka. Sisi wa gari la umeme tunaanza kupiga simu tangu juzi yake! Same kuna chaji? Korogwe je? Chalinze? "Wewe njoo tu, umeme upo." Umeme upi, ndugu yangu? Wa soketi ya ukutani? Soketi hiyo inatoa kama kilowati 3. Betri ya kilowati-saa 60 italala hapo zaidi ya saa 20. Watoto nao walale wapi?

Safari iliyopita programu ya simu ya kutafuta vituo vya chaji ilinionyesha alama ya kijani: chaji ya haraka, iko wazi. Nimefika betri imebaki asilimia 9. Geti lina kufuli! Mlinzi ananiambia kwa upole, "Mwenye ufunguo kaenda msibani, mwanangu." Ufunguo mmoja! Na waya ule pale nauona, unaning'inia na vumbi lake.

Ukipata inayofanya kazi, mtu kang'ang'ania afike asilimia 100, ilhali ikishapita 80 umeme unaingia kwa kudondoka. Chomoa, kaka! Wenzako tuko foleni, jua linatuchoma!