Msichana Mwenye Hali ya Turner: Aambiwe Lini?

Mzazi wa Lamu anayepewa majibu kwamba binti yake ana hali ya Turner, yaani kromosomu yake ya pili ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, haipo au ina upungufu, hubaki na swali ambalo maabara haiwezi kumjibia: mtoto mwenyewe aelezwe, au jambo lisitiriwe mpaka awe mtu mzima?

Wanaoshauri kusitiri wasidharauliwe. Katika mitaa kama Mkomani na Langoni, ambako nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, neno likishatoka halirudi, na msichana anayenong'onwa kuwa hatazaa huenda asiposwe. Isitoshe, mtoto wa miaka saba hana kifua cha kuweka siri. Hayo husemwa na watu wanaompenda binti yao.

Hata hivyo, upande wa pili hueleweka vibaya, kana kwamba unataka mtoto atangazwe. Unachodai ni kwamba mwenye mwili ajue kabla ya mtaa kuanza kukisia, kwa kuwa mwili wenyewe haufichiki. Bila matibabu, msichana huyu huishia kuwa mfupi kwa takriban sentimita 20 kuliko wanawake wa jamii yake, na kwa kuwa ovari za wengi wao, yaani viungo vya kutoa mayai ya uzazi, huacha kufanya kazi mapema, maziwa hayaoti wala havunji ungo. Wenzake wanakabidhiwa kwa somo, mwanamke wa kuwafunda, mmoja baada ya mwingine, naye yupo pale pale, akiona kila kitu. Asipopewa sababu ataitafuta mwenyewe: jini, husuda, au dhambi aliyoitenda bila kujua. Akili yake kwa kawaida ni timamu, ila wengi wao hupata shida katika hesabu na katika kusoma nyuso za watu, hivyo mzaha humpita, hutaniwa, akajitenga. Na watu, kwa wepesi wao wa kuhukumu, husema ana kiburi.

Hesabu moja hunisumbua. Hali hii humpata takriban mtoto mmoja wa kike kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa hai. Sensa ya 2019 iliwahesabu wanawake na wasichana 67,813 katika kaunti ya Lamu. Tukigawa tu, bila kudai usahihi, tunapata kama watu thelathini, wakubwa kwa wadogo. Wako wapi? Huenda mmoja yuko Faza, mwingine Witu, mwingine Mpeketoni, na kila mmoja anaamini kwamba Mungu hakumuumba mwingine mfano wake. Siri inayowalinda na majirani ndiyo hiyo hiyo inayowazuia kujuana, na upweke huo hautibiwi kwa sindano ya homoni ya ukuaji.

Kuna na dawa. Estrojeni, homoni ya kike, huanza kutolewa katika umri wa miaka 11 au 12, kwa kipimo kidogo kinachoongezwa polepole, na huendelea kwa miongo kadhaa, kwani ndiyo pia inayolinda mifupa. Msichana aliyeambiwa kwamba kidonge ni "cha kuongeza damu" ataweza kukiacha siku anapoingia shule ya bweni. Moyo na mshipa wake mkuu navyo vyahitaji kuchunguzwa maisha yote, na mimba, kwa wachache wanaoipata, inaweza kuuhatarisha mshipa huo. Asiyejua haya atakwenda kliniki kwa lipi?

Hoja ya posa ndiyo nzito, lakini nayo yaishia pabaya. Binti anaolewa, miaka inapita, anaitwa tasa, pengine anaachwa, kisha anasikia hospitalini jambo ambalo mama yake alilijua tangu yeye akiwa mtoto wa chuoni anasoma juzuu za Kurani. Sitara hiyo ilimsitiri nani?

Walio upande wa kusitiri wana haki katika jambo moja: kumtupia mtoto habari ya uzazi kwa mkupuo, bila mtu wa kukaa naye baadaye, ni ukatili. Mdogo aelezwe urefu na moyo. Kabla ya vidonge kuanza, aelezwe ovari na uzazi, daktari akisema na mama akiwapo. Somo naye aitwe mapema, hata kama ungo haujavunjwa, ili binti awe na mwanamke wa kumuuliza yale anayomwonea mama haya. Na mchumba atakapokuja, la kuambiwa na wakati wa kuambiwa aliamue binti, wala si wajomba.