Nusu fainali ya 1974 haikustahili mstari mmoja

Ndugu mwandishi, asante kwa makala ya safari za Simba barani Afrika, ila nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika ya 1974 umeipa mstari mmoja tu: "walitolewa kwa penalti". Imeniuma.

Nilikuwa kijana mdogo kijijini, upande wa Chamwino. Redio ilikuwa moja, ya marehemu babu, na betri zake tulizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Watu walijaa chini ya mbuyu, wengine wametoka kuchunga, fimbo begani. Simba walipoifunga Mehalla El Kubra ya Misri 1-0 Dar es Salaam, babu, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, aliinuka akazunguka mbuyu mzima, ameikumbatia redio kifuani. Bado naiona ile kamba aliyoifungia kifuniko cha betri.

Marudiano kule Misri tukafungwa 1-0. Jumla sare, ikaja mikwaju, wakapita wao. Timu ya mji wa viwanda vya nguo! Fainali nao wakafungwa na CARA ya Brazzaville.

Hao vijana wa Simba walikuwa mabao sawa na Waarabu baada ya dakika 180, enzi ambazo mchezaji alikuwa na kazi yake nyingine ya kumlisha. Tafadhali watafuteni walio hai, muwahoji wakiwa bado wanakumbuka. Babu yangu alikufa akiwataja mmoja mmoja, kuanzia golini.