Simu Zisizokuwepo

Mtu akikwambia mtihani wa mtandaoni ni kuwasha kompyuta tu, mwulize kama amewahi kushika funguo za maabara. Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta shuleni kwetu, na mtihani ulipokaribia usingizi ulinihama. Nilizima masasisho yanayojiendesha, maana kompyuta haioni aibu kuanza kujisasisha mtoto akiwa katikati ya insha. Nilijaribu hedifoni moja moja masikioni mwangu (kilichokuwa ndani ya baadhi yake tusikiseme). Nikaweka na ile programu inayoifunga kompyuta kabisa, mtoto asifungue kitu kingine mpaka awasilishe kazi yake. Vyote vikakubali.

Siku ya mazoezi Mwalimu Mkuu akaja kutazama mwenyewe. Aliandamana na mwalimu wa nidhamu, ambaye husimama mlangoni hata kama hakuna anayetaka kutoka.

Safu ya kwanza ikaingia kwenye mtihani. Ya pili, nusu. Ya tatu na ya nne zikaganda: hakuna mtandao.

"Intaneti imekatika?" Mkuu akauliza.

"Haijakatika, Mkuu. Hawa wa mbele si wanafanya?"

"Basi wa nyuma wasogee mbele."

Nikachungulia mipangilio ya kompyuta moja iliyogoma. Anwani yake ya mtandao ilianza na 169.254. Walio kwenye kazi hii wanaijua namba hiyo na hawaipendi: ni anwani ambayo kompyuta hujipachika yenyewe ikikosa ya kupewa, na haikufikishi kwenye intaneti. Mtandao wetu una nafasi 254 za anwani, ruta (kile kifaa kinachotuunganisha na intaneti) ikiwa imekalia moja. Maabara yenyewe haina kompyuta hata 50. Nani kazila zilizobaki?

Wa kwanza walikuwa wazazi. Jana yake tulikuwa na mkutano kuhusu mtihani huu huu, na Mkuu kwa ukarimu wake aliandika nywila ya waifai ubaoni kwa herufi kubwa. Wazazi waliondoka, anwani hazikuondoka. Seva yetu, ile kompyuta inayogawa anwani, humkopesha mtu anwani kwa siku 8, awepo asiwepo, kama mgeni wa harusini anayeweka mkoba kitini kisha akaenda zake.

Lakini vifaa vingi vilikuwa hewani saa ile ile.

"Jamani, wenye simu zimeni," nikaomba.

Hakuna aliyetikisika. Simu ni marufuku shuleni, kwa hiyo hakuna mwenye nayo, na mtu hawezi kuzima asichokuwa nacho.

"Shule hii haina simu," mwalimu wa nidhamu akathibitisha. "Nimekagua mwenyewe asubuhi."

Mkuu akaamuru orodha ya vifaa iwekwe ukutani kwa projekta, kila simu ikatwe, isibaki hata moja. Sasa, orodha ile huonyesha jina ambalo mwenyewe ameipa simu yake. Mwalimu wa nidhamu akajitwika kazi ya kuisoma, kwa sauti ya gwaride, nami nikawa nakata.

"Mrembo Namba Moja!"

Kimya. Nikakata.

"Usiguse Si Yako!"

Nikakata.

"Hesabu Zimenishinda!"

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amekuja kusimamia, akawageukia watoto taratibu. Lakini waliokuwa wakicheka ni walimu wenzake.

"Macho Manne Anakuja!"

Hapo msomaji akasita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Darasa zima likainamia meza, mabega yakitikisika. Nami nilikuwa nimeinamia kibodi kwa sababu hiyo hiyo.

Tukaendelea. Mikopo ya wazazi nikaifuta yote kwa pamoja, muda wa kukopa nikaushusha hadi saa 1. Safu ya tatu ikaingia, ya nne ikafuata. Ukutani likabaki jina moja, na mwalimu wa nidhamu akawa hasomi.

"Malizia, Mwalimu," Mkuu akasema.

"Hii haisomeki, Mkuu."

"Mbona mimi naiona? Kipenzi cha Mama. Ikate!"

Kidole changu kilikuwa tayari.

"Hiyo iache," mwalimu wa nidhamu akasema, mkono ukiwa kwenye mfuko wa shati. "Ndiyo yenye orodha ya simu nilizokamata."