Rangi ya Nyoka: Kizimba Kinajibu Swali Moja, Pori Linajibu Jingine

Nyoka mweusi tii na nyoka mwenye mistari mitatu ya njano wanaweza kutoka tumbo moja, siku moja. Hilo linajulikana vizuri kwa Thamnophis sirtalis, nyoka mwembamba wa Amerika Kaskazini anayezaa watoto hai, hasa wale wa kandokando ya Ziwa Erie. Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mashamba ya chai ya Mufindi hadi migomba ya Tukuyu, nyoka wengi bado wanatajwa kwa rangi tu: "yule wa kijani", "yule mweusi". Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaoshikilia kwamba rangi za nyoka wa kufugwa, zinazochaguliwa kizazi hadi kizazi ili zipendeze wanunuzi wa Ulaya na Marekani, hazitufundishi lolote kuhusu nyoka wa Rungwe au Kitulo. Wengine wanasema bila kuwazalisha chini ya uangalizi hatutajua kamwe rangi inarithiwaje.

Kabla ya kuamua, tuitazame ngozi yenyewe. Rangi ya nyoka hujengwa hasa na aina tatu za seli: zenye melanini, ambazo hutoa weusi na kahawia, zenye rangi za njano na nyekundu, na zenye vifuwele vya guanini, ambavyo havina rangi bali huakisi mwanga, mara nyingi wa buluu. Kijani cha nyoka wa mitini, kwa hiyo, ni njano iliyolala juu ya buluu. Ndiyo maana nyoka wa kijani akihifadhiwa kwenye spiriti hugeuka buluu: njano huyeyuka, buluu inabaki. Mwanafunzi anayefungua chupa ya maabara na kuandika "nyoka wa buluu" ameandika kazi ya spiriti. Kwa mantiki hiyohiyo, jeni ya melanini ikiharibika huzaliwa albino, na ya njano ikiharibika huzaliwa nyoka wa kijivu au wa buluu. Kasoro hizi hutokea porini pia, ila porini albino huonekana haraka na mwewe, wakati kwenye kizimba analishwa panya na kulindwa.

Upande wa wafugaji una ushahidi mzuri kutoka Ziwa Erie. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940, Frank na Frieda Blanchard walikuwa wameonyesha kwa kuzalisha nyoka hao kwamba weusi wao unatokana na jeni moja fiche: mtoto huwa mweusi akiipata kwa baba na kwa mama. Kutembea ufukweni na daftari kusingetosha kuligundua hilo.

Lakini kizimba hakikuweza kueleza kwa nini weusi wanadumu pale na ni adimu kwingine. Jibu la swali hilo lilihitaji vipimo vya nje. Nyoka mweusi hupata joto vizuri zaidi kwenye ufukwe wenye baridi, na nyoka asiye na joto hawindi wala hasagi chakula. Mwenye mistari, kwa upande wake, hujificha vizuri zaidi kwenye nyasi. Kila rangi ina faida yake na gharama yake, na kwenye kizimba chenye taa ya joto na kisicho na mwewe, faida na gharama zote mbili zinafutika.

Hata hoja ya urithi inavurugwa na haraka ya wafugaji. Chukua nyoka wa nyumbani wa jenasi Boaedon, ambaye ameenea Afrika na hufugwa kwa urahisi. Albino akipandishwa na nyoka wa kawaida asiye na jeni hiyo, watoto wote huwa wa kawaida kwa macho, ila kila mmoja amebeba jeni. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino. Mama akitaga mayai 8, kuna uwezekano wa takribani asilimia 10 kwamba hatatoka albino hata mmoja, na mfugaji akatangaza kuwa jeni haipo. Njia ya kuaminika ni kumpandisha nyoka anayeshukiwa na albino halisi. Akiwa mbebaji, kila mtoto ana nafasi nusu ya kuwa albino, hivyo wakitoka 7 wote wa kawaida, uwezekano wa mbebaji kubahatika kuwaficha wote ni chini ya asilimia 1.

Kosa la pili ni la joto. Mayai yakikaa kwenye joto lililopita kiasi, watoto hutoka na uti uliopinda au mistari iliyokatikakatika. Mfugaji akiona mistari hiyo huipa jina jipya na bei mpya, kumbe hairithiwi. Na akianza kupandisha ndugu kwa ndugu ili kuishikilia rangi, ndipo ulemavu na vifo vya vichanga huongezeka.

Kazi iliyonishawishi kuliko zote ilikataa kuchagua upande. Mtafiti Edmund Brodie aliwachukua majike wenye mimba wa Thamnophis ordinoides, nyoka wa jenasi moja na yule wa Ziwa Erie, wakazalia maabara, akapima mistari ya kila mtoto na jinsi anavyokimbia, kisha akawaachia walikotoka mama zao na kufuatilia nani anaishi. Matokeo yake yalichapishwa 1992. Wenye mistari waliokimbia moja kwa moja waliishi vizuri, na wasio na mistari waliogeukageuka nao waliishi vizuri. Waliochanganya, yaani mistari pamoja na kugeukageuka, walipungua. Mstari ulionyooka kwenye mwili unaosonga mbele humpumbaza adui asijue nyoka anakwenda, ilhali madoa humfaa anayebadili njia ghafla. Rangi ilikuwa na maana ikiwa pamoja na mwendo tu, na mwendo huo hauonekani ndani ya sanduku la kioo.

Swali la namna hiyo linasubiri mtu kwetu. Psammophylax variabilis, nyoka wa nyasi za nyanda za juu, ana wenye mistari na wasio na mistari, na jina lake la kisayansi lenyewe linataja kubadilikabadilika. Je, wale wa mwinuko wa Kitulo, ambako usiku wa Juni na Julai huleta sakitu, wana uwiano tofauti na wa chini zaidi? Hilo linahitaji picha nyingi zenye mahali na mwinuko. Halihitaji kizimba hata kimoja.

Kwa Atheris rungweensis msimamo wangu ni mkali zaidi. Nyoka huyu mwenye sumu, aliyeelezwa kisayansi na mtafiti Bogert mwaka 1940 kutoka Mlima Rungwe, anaweza kuwa kijani kitupu, au kijani na weusi, akiwa na michirizi ya njano au bila. Uzuri huo ndio unaomweka hatarini, kwa sababu wanunuzi wa nje hutafuta rangi adimu, na anayekamatwa kwa ajili ya rangi ndiye huyohuyo aliyebeba tofauti tunayotaka kuielewa. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na kukamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Hoja kwamba ufugaji utapunguza ukamataji ingekuwa na nguvu kama kila aliyezaliwa kizimbani angetambulika kwa hakika. Kwa macho hatambuliki. Majaribio ya urithi yafanyike kwa Boaedon, ambaye ni wa kawaida na hana sumu.

Kwa anayepiga picha, simama mita mbili au zaidi na tumia zumu, maana sumu ya Atheris haina dawa yake mahususi. Piga kivulini, kwa sababu jua la saa sita huua njano. Kama una msaidizi, aweke karatasi nyeupe karibu na kichaka, si karibu na nyoka, ili rangi isawazishwe baadaye. Tazama macho: yakiwa na ukungu wa buluu, nyoka anakaribia kujivua gamba na rangi yake imefifia, hivyo liandike hilo. Andika na ukubwa wake. Kichanga cha Atheris huwa cheusicheusi chenye ncha ya mkia ya njano, na Dispholidus typus (boomslang) mdogo huwa wa kijivu-kahawia mwenye macho makubwa ya kijani, ilhali dume lake likikua mara nyingi huwa la kijani na jike la kahawia. Watu wengi wamehesabu mdogo, dume na jike hao kuwa nyoka watatu tofauti. Nyoka aliyeuawa kwa jembe apigwe picha saa hiyohiyo, mgongo, ubavu na tumbo, akigeuzwa kwa fimbo ndefu, kwa sababu kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma.