Wimbo Ukifika Kwenye Chemko, Tangazo

Hivi jamani, mtangazaji anapokata wimbo wa bendi ya Sikinde palepale tarumbeta zinapoingia, huwa anadhani sisi huku majumbani tunafanya nini? Tunakuna nazi? Maana leo nimekatwa. Wimbo umepita beti zake zote za taratibu, mwenye kulalamika kalalamika, mwenye kuomba radhi kaomba, gita la solo limeanza kuchokoza, mimi nimeshavua kandambili moja. Chemko hiyo inaingia, ile sehemu ya kucheza. Jamaa kapiga king'ora: "Jenga mkeka wako sasa hivi, ushindi uko mikononi mwako!"

Mkeka. Saa nne asubuhi ya Jumapili, mtu mzima nimesimama na kandambili moja mguuni, naambiwa nijenge mkeka wa kubeti.

Watu wazima tuelewane. Nyimbo zile zilitungwa na watu waliokuwa na nafasi. Dakika tatu za mwanzo unaelezwa matatizo ya ndoa, dakika nne zinazofuata unacheza mpaka unayasahau. Sasa ukinikatia kwenye dakika ya tatu, umeniachia matatizo peke yake. Na ya kwangu ninayo tayari, sikuyaombea nyongeza redioni.

Enzi zile bendi ikienda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, kule Barabara ya Pugu, mashairi yanapitiwa kwanza na kamati, halafu wote wanaingia studio, waimbaji, magita, tumba, wapuliza tarumbeta, mkanda unazunguka, mtu akikosea wanaanza upya. Hela waliyopata ilikuwa ya kununulia soda, hilo halina ubishi. Lakini wimbo ulikuwa na kichwa, kiwiliwili na miguu. Hata zile santuri ndogo zilizotengenezwa Nairobi, ambazo wimbo mzima haukuenea, wenyewe walikuwa na adabu: maneno upande huu, chemko upande wa pili. Unanyanyuka, unageuza, unaendelea. Hakuna aliyekuuliza habari za mkeka pale katikati.

Nikasema basi, redio si moja. Siku hizi masafa yamejaa mpaka stesheni zinapandiana. Nikaanza kuzungusha kutoka 88. Mahubiri. Nikasogea. Mchambuzi wa mpira anaeleza kwa nini beki alijikwaa, na ameanza kueleza tangu jana. Beki mwenyewe ameshasahau kama alijikwaa. Nikasogea. Mama mmoja kapiga simu, mume wake anaoga na simu, je amuache? Nikasubiri kidogo hapo, si kwa umbea, nilitaka tu kujua wamemjibu nini. Nikasogea. Singeli. Nikasogea, dawa ya vidonda vya tumbo inayotibu pia mgongo, deni na nguvu za kiume. Mchambuzi mwingine, beki yuleyule. Nikafika 108, nikagonga ukuta, nikarudi nilikotoka. Kipindi cha wazee kiko kwenye salamu.

Salamu nazo! Kipindi chenyewe tumepewa saa moja kwa wiki, nusu yake inaliwa na mtu anayemsalimia shemeji yake wa Chanika, watoto wote wa Chanika, majirani wa Chanika, na "wewe mtangazaji, na fundi mitambo wako". Zamani salamu zilikuwa za kadi. Unanunua kadi, unajaza majina, unatuma, inasomwa. Kadi ilikuwa na faida moja kubwa: karatasi inaisha. Simu haiishi, kwa sababu kuna vifurushi vya dakika ambavyo watu wamevitunza mpaka Jumapili.

Msiniambie nisikilizie kwenye gari. Gari la shemeji yangu limetoka Japani na redio yake, masafa yanaanzia 76 yanaishia 90, na karibu nchi yote ya Tanzania inaongelea juu ya hapo. Ukiliwasha kuna dada anakukaribisha kwa Kijapani, kwa heshima sana, halafu kimya. Shemeji anaendesha kimya hivyo mpaka Kibaha na anaona sawa tu.

Mama Rehema, ambaye muda wote huo alikuwa anachambua mchele na kunisikiliza navyosonya, akasema: "Baba Rehema, si uende kwa yule kijana wa stendi akujazie flashi? Watu wazima wenzio wote wanajaza."

Nikachukua flashi nikaenda. Kibanda kiko katikati ya wakala wa miamala na mkaanga chipsi, sabufa iko nje inatikisa mpaka kabati la mayai. Kijana ana kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka kona, na mbele yake bango: TUNAJAZA NYIMBO, MUVI, KOPI, PASIPOTI SAIZI.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Nataka nyimbo."

"Umefika. Singeli, amapiano, gospo, kaswida, au mchanganyiko?"

"Za zamani."

"Ninazo folda nzima. Hii hapa, ZA WAZEE. Nyimbo mia nne, kwako buku tatu, nakuongezea na muvi moja ya Kikorea imetafsiriwa."

Moyo ukatulia. Akabonyeza wimbo wa kwanza. Bongo fleva. Ile kabisa, ya kinanda na mtu anayelia kwa sababu demu wake kaenda na mwenye gari. Nikamuuliza huu ni wa mwaka gani.

"2004, mzee," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeonyesha kaburi la Mjerumani. "Mimi hata sijazaliwa."

"Mwanangu, 2004 mimi nilikuwa nadaiwa kodi kwenye nyumba ileile ninayodaiwa leo. Hizo si za zamani. Nipe Msondo."

"Msondo ndio nani?"

"NUTA."

"Niandikie hapa nitafute." Nikaandika. Akasoma kioo, akakunja uso. "Mzee, zimekuja bendi nne. NUTA Jazz, Juwata Jazz, OTTU Jazz, Msondo Ngoma. Unataka ipi?"

"Ni moja hiyohiyo."

"Moja vipi, na majina manne?"

Nikavuta stuli, maana mambo haya hayaelezwi kwa kusimama. Nikamwambia ile ni bendi ya chama cha wafanyakazi, imeanza 1964, na kila chama kilipobadilishwa jina, bendi nayo ikabadilishwa. Wapiga gita walewale, drams zilezile, asubuhi wanaamka wanaambiwa nyie sasa ni Juwata. Kijana akaniangalia jicho lile wanalomwangalia mtu aliyesajili laini nne kwa kitambulisho kimoja.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee mwenye baragashia, kaja kutoa kopi ya kadi ya bima. Hakuwa na haraka, na mimi nikadhani hana neno. Kumbe.

"Mwanangu, usimpe huyo Msondo. Atalia hapa bure. Mpe Sikinde."

Nikageuka taratibu. "Ndugu yangu, Sikinde imetoka tumboni mwa nani? 1978 mwimbaji Gurumo katoka wapi kwenda kuanzisha hiyo Mlimani Park mnayoiita Sikinde?"

"Katoka NUTA. Mtu mwenye akili anahama kubaya anaenda kuzuri."

"Na 1985 alipohama huko kuzuri akaenda bendi ya Safari Sound?"

"Alikwenda kuwasaidia."

"Na mwisho wake akarudi wapi?"

Mzee akanyamaza kidogo, akashika kadi yake ya bima. "Alikuwa amechoka."

"Amechoka! Karudi nyumbani, Msondo! Baba ya muziki!"

"Ngoma ya ukae!" akajibu kwa msemo wa Sikinde, na akapiga kofi kwenye meza, kipanya cha kijana kikaanguka chini.

Dirisha la wakala likafunguka. Mama mmoja aliyekuwa anatoa pesa akachungulia. "Nyie wazee hamna haya? Mnagombea marehemu? Gurumo katutoka 2014, mwacheni apumzike." Tukaona ametupatanisha. Akamalizia: "Na isitoshe wote mlikuwa mnaachwa mbali na bendi ya Maquis."

"Wale si Wakongo?" akadakia dereva wa bodaboda ambaye hakuna aliyemwita.

"Wakongo wa wapi? Wamekuja wakakaa hapahapa, wameoa hapahapa, madeni yao hapahapa. Kamanyola bila jasho!" Akatuonyesha mtindo wao kwa mabega tu, pesa yake mkononi, wakala anamwambia mama chukua risiti, mama hasikii. Nikiri kwamba mabega yale yalikuwa yanakumbuka vizuri.

Mkaanga chipsi akazima jiko. Kijana mdogo tu, fulana ya Arsenal. "Na Morogoro Jazz mmeiweka wapi? Babu yangu wa Kihonda aliniambia, baada ya Mbaraka Mwinshehe magita yote ni mbao." Mbaraka kafariki Januari 1979, huyu kazaliwa juzi, lakini kashika mwiko wa chipsi shingoni kabisa, anatupigia solo. Wateja wake wanauliza chipsi yai ziko wapi, anawajibu subirini.

Kijana wa flashi ndiye aliyekuwa na akili. Hakubishana. Alikuwa anasikiliza jina, anatafuta, anapakua. Kila aliyetaja bendi akakuta ameshauziwa. Mzee wa Sikinde buku, mama wa Maquis buku, bodaboda hakujua kwa nini ametoa jero.

"Haya mzee, Msondo yako hii hapa. Nikuwekee kwenye sabufa uhakikishe?"

Akaweka. Gita likaingia, stendi nzima ikatulia. Mzee wa Sikinde akaangalia pembeni, lakini mguu ulikuwa unamsaliti. Na hapo, juu ya sauti ya mwimbaji, likatoka dude linanguruma: jina la dijei. Mara likarudi. Likarudi tena. Mwimbaji anasema nimekukosea nini mpenzi, dijei anasema jina lake na namba ya simu ya kukodi mziki. Tukavumilia. Tukafika kwenye chemko.

Ikaingia rege.

"Kijana!"

"Hii ni miksi, mzee. Inaunganishwa. Watu hawasubiri wimbo mpaka uishe."

"Watu gani?"

"Watu."

Tukaangaliana, mimi, Sikinde, Maquis na Morogoro, tukawa bendi moja. Tumesimama pale tumesubiri, watu wanne wazima na chipsi zinapoa, na tunaambiwa watu hawasubiri. Nikamwambia atafute usio na kelele. Akatafuta, akaupata. Mzima, safi, na picha ya jalada, mwaka, na jina la mpiga besi. Nani kauweka? Mzungu. Mzungu mmoja huko kwao, ana santuri imekaa kwenye boksi haina hata mkwaruzo, na anajua mpiga besi alikuwa nani. Mimi nimecheza mbele ya huyo mpiga besi, jina lake silijui.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na si mzaha. Muziki umepigwa hapa, umerekodiwa hapa na redio ya taifa, kanda zimerithiwa na TBC, watunzi wengi wamekufa na madeni ya kodi mlangoni, halafu mimi ili nisikie chemko mpaka mwisho, bila mkeka, bila shemeji wa Chanika, lazima nimlipe buku mtoto ambaye kautoa kwa Mzungu. Redio zote hizo! Haiwezekani hata moja ikasema, sisi usiku kuanzia saa tatu hatusemi kitu, tunapiga tu, nyinyi laleni? Mtangazaji anywe maji. Akae. Hakuna atakayemsahau, jina lake tutalijua kwenye msiba wake.

Flashi nimeifikisha nyumbani. Nimechomeka. Wimbo wa kwanza Msondo, wa pili kaswida, wa tatu somo la Kiingereza, wa nne mtu anatafsiri muvi ya Kikorea, "sasa huyu jamaa anamwambia mwenzie, leo utanitambua". Nikabonyeza mbele, nikabonyeza mbele, LUKU ikalia. Yuniti zimekwisha. Mama Rehema hakusema kitu, alichukua ufagio tu.

Halafu mtu aniambie nisubiri harusini, ndiko nyimbo za zamani zinapigwa. Zinapigwa, ndiyo. MC anasimama: "Sasa wazee wetu wafungue mziki!" Mnanyanyuliwa na viuno vyenu, simu ishirini zinawamulika usoni, wimbo unapigwa mpaka pale mlipoanza kupata moto, paa, amapiano, wazee rudini mkakae. Na kwa heshima hiyo nimechanga laki. Laki ya dabo, singo ni sabini, na kadi imeandikwa jina langu na nukta tatu mbele yake, kana kwamba mke wangu ni siri. Chakula chenyewe ukifika mezani kuku ameshakuwa shingo. Na bado kuna kikao kesho saa kumi, cha kupanga rangi za vitambaa vya viti, na mwenyekiti kaandika kwenye grupu kwamba atakayechelewa faini elfu tano. Faini! Harusi si ya kwangu, bibi harusi simjui, bwana harusi nimemwona kwenye bango la mchango tu, halafu nikichelewa kwenda kuchagua kitambaa, natozwa. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba nina homa. Kajibu kwa sauti, dakika tatu, na katikati kasalimia watu wa Chanika.