Kulia kwa Nani?

Ami alinunua trekta jipya la kulimia shamba lake la Kwale. Lilishushwa Kilindini likiwa vipande ndani ya kontena, likaunganishwa kwenye yadi moja huku Miritini. Siku ya kulichukua alivaa kanzu ya Idi. Akapanda, akawasha, akakata usukani kushoto atoke getini.

Trekta likaenda kulia, moja kwa moja kwa mama wa viazi karai. Mama alitoka mbio na bakuli la ukwaju mkononi, meza akamwachia Mungu. Ami akakanyaga breki shubiri moja tu kutoka mezani.

"Ami, hili bovu," nikamwambia.

"Bovu vipi, na kiti bado kina plastiki? Za kisasa ndivyo zilivyo, mwanangu. Dereva ndiye wa kujifunza."

Akawa anazunguka uwanjani akijifunza. Kusema kweli, hadi adhuhuri alikuwa bingwa.

Fundi alipofika alitazama oili kwanza: imejaa, haina povu. Pampu nayo hailii. Akapiga jeki mbele hadi magurudumu yakaning'inia, akasimama mbele ya trekta, akaniambia nikate kulia. Nikakata.

"Yameenda kulia," akasema.

"Yameenda kushoto, fundi!"

"Kushoto kwa nani?"

Hapo yadi nzima ikaingilia. Bawabu alikuwa upande wa fundi. Mama wa viazi alisema yeye anajua kitu kimoja tu: kulia ndiko iliko meza yake. Mwishowe fundi akaja nyuma yangu, tukatazama upande mmoja, akanyamaza.

Usukani wa trekta lile haukushikana na magurudumu kwa chuma chochote. Ukiuzungusha, vali iliyo chini yake hupeleka oili kwenye silinda inayogeuza magurudumu, kwa paipu mbili, moja ya kukatia kulia, nyingine kushoto. Walioliunganisha walikuwa wamezipishanisha, na zimefanana hadi nati. Tukazibadilisha, oili ikanitiririka hadi kwapani. Nikawasha injini, nikaiacha izunguke polepole, nikakata usukani mwisho hadi mwisho kutoa hewa, fundi akajazia oili. Mjadala ulikula muda kuliko kazi.

"Sasa limepona, Ami."

"Najua, najua."

Kufika getini, ile mikono iliyohitimu mchana huo huo ikakata kulia ili iende kushoto. Safari hii breki ilichelewa. Mama wala hakukimbia. Alijifuta mikono kwa leso, akainama, akaanza kuhesabu viazi mchangani, kimoja kimoja, kwa sauti.

"Fundi!" Ami akapiga kelele kutoka juu. "Hebu zirudishe paipu zilivyokuwa!"