Kopo la kukingia dawa linapogeuka kiwambo cha sauti

Kopo la kukingia dawa ya kusafishia mtutu ni bomba tu la alumini lenye vikombe ndani na nyuzi za skrubu za kulifunga mdomoni mwa bunduki, ili dawa chafu isimwagike sakafuni. Marekani limeuzwa mtandaoni kwa miaka mingi, bila fomu wala maswali. Siku ATF, taasisi ya serikali ya shirikisho inayosimamia silaha, ikiamua kwamba muundo fulani wa kopo hilo ni kiwambo cha sauti, aliyeliweka kabatini anahesabiwa kuwa na silaha isiyosajiliwa. Kifungo chake hufika miaka 10, na si lazima awe amelifunga kwenye bunduki hata mara moja.

Tafsiri ya sheria ni pana. Kiwambo ni kitu chochote cha kupunguza mlio wa bunduki, pamoja na seti ya vipande vilivyobuniwa na kukusudiwa kukiundia, na hata kipande kimoja kilichokusudiwa kazi hiyo tu. Sasa nia ya mtu utaionea wapi? Hutafutwa kwenye nukta iliyochongwa katikati ya kikombe kuonyesha pa kutoboa ili risasi ipite, maneno ya tangazo, ujumbe uliomwandikia muuzaji.

Mahakama nazo zimevutana. Mwaka 2014, katika kesi ya kampuni ya Innovator Enterprises, Jaji John Bates aliukataa uamuzi wa ATF uliotegemea kufanana kwa umbo: panya, alisema, hawi tembo kwa kuwa ana mkia, ngozi ya kijivu na miguu minne. Miaka 2 baadaye watengenezaji wa bunduki Sig Sauer wakashindwa kwenye mahakama ya rufaa. Kifaa chao cha inchi 9.5 hivi, walichosema ni cha kupunguza teke la bunduki, kikabaki kuitwa kipande cha kiwambo. Na hao wana mawakili wa kulipwa.

Lakini kinachoudhi zaidi ni mlango wa usajili. Fomu 1 ya ATF, ya kuomba kibali na kusajili, huombwa kabla ya kutengeneza kiwambo. Kitu kikishahesabiwa kuwa kiwambo tayari, raia hana fomu ya kukihalalishia. Mwaka 2022 watu walioomba Fomu 1 wakitaja seti hizi walikataliwa kwa hoja hiyo hiyo. Yaani waliojipanga foleni kufuata sheria ndio waliojitaja majina! Wengine wanadhani mambo yamekwisha kwa kuwa ile kodi ya kiwambo ya dola 200 ya tangu 1934 imeshuka hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Kodi imeondoka, usajili uko palepale, na majimbo 8, California na New York yakiwamo, yanawakataza raia viwambo kabisa.

Dawa ipo. Sheria ya silaha ya 1968 inamruhusu Mwanasheria Mkuu kutangaza msamaha wa usajili, kila awamu isizidi siku 90. Bunduki ya Street Sweeper ilipobadilishiwa daraja mwaka 1994 ikawa ya lazima kusajiliwa, wenye nazo waliachiwa mlango wa kusajili hadi Mei 1, 2001. Wenye bump stock, kitako kinachoiwezesha bunduki kufyatua kwa mfululizo wa haraka, hawakupata hata hilo: waliambiwa waviharibu au wavisalimishe kufikia Machi 2019, kisha Mahakama ya Juu ikaitupa kanuni hiyo mwaka 2024. Aliyekwisha kukata chake kwa msumeno, shauri yake.

Kama unalo kopo hilo, usilitoboe na usilifyatulie risasi. Tunza risiti na picha ya tangazo kama lilivyosomeka siku uliyonunua. Wakala akibisha hodi bila hati ya upekuzi, hulazimiki kumfungulia wala kumjibu. Mpe jina la wakili wako. Ukiamua kujibu, usidanganye, maana uongo kwa wakala wa shirikisho ni kosa jingine. Na barua ya ATF ikishafika, usikimbilie msumeno: kuharibu ushahidi ili kukwamisha uchunguzi kunaweza kukugharimu hadi miaka 20, mara mbili ya kosa lenyewe. Likabidhi kupitia wakili.

Mwenye kadi ya kijani awe mwangalifu maradufu. Hatia ya kumiliki silaha kinyume cha sheria ni sababu ya kufukuzwa nchini, na sheria ya shirikisho inakihesabu kiwambo kuwa silaha kamili, hata kama nyumba nzima haina bunduki.